Nguruwe Acheke Upande Wangu

Jumatatu, 13 Oktoba

Baada ya mwezi mzima wa mazoezi, majina yametoka. Nimo! Mimi, Pyo Man-seok, ndiye mpagazi wa bandari ya Busan. Nafasi kuu ya kiume! Igizo la muziki la lugha mbili, Kikorea na Kiingereza, sisi na Waaustralia jukwaa moja. Kisa chenyewe: nesi kutoka Melbourne anashuka melini miaka mia na ushei iliyopita, mpagazi anambeba mgongoni kwenye chanja la mbao, wanapendana. Nesi anaimba Kiingereza, mpagazi anaimba Kikorea, hakuna anayemwelewa mwenzake hadi wimbo wa mwisho. Utalia. Mimi nililia, na nilikuwa nimesoma mistari yangu tu.

Dosari moja. Tuko wawili. Ndiyo kawaida yetu Seoul, nafasi kuu hupewa watu wawili wapokezane, leo huyu, kesho yule. Mwenzangu ni Ban Ji-hyeok. Kijana wa miaka ishirini na sita, ngozi laini, meno meupe, adabu tele. Simpendi. Mimi nina arobaini na tatu, na miaka kumi na tisa jukwaani, mingi kati ya hiyo nikiwa mti, askari wa tatu au kikohozi nyuma ya pazia.

Swali ni nani atafungua Jumamosi. Onyesho la kwanza ndilo onyesho. Waandishi wa magazeti huja siku hiyo. Na mama yangu anakuja siku hiyo. Nilishamwambia ni mimi. Nilimwambia wiki iliyopita, kabla ya majina kutoka, kwa sababu najiamini. Keshakata tiketi za treni kutoka Mokpo, yeye na wenzake wa upatu, bibi saba na mavazi yao ya hanbok ya harusini. Miaka yote hii amekuwa akiwaambia mwanangu ni mwigizaji, nao wakimuuliza: kwani anaigiza nini? Jumamosi wanakuja kuona anaigiza nini.

Kwa hiyo nimemfuata mwongozaji. Philippa, Mwaustralia, mama wa mvi na kofia ambayo haivui hata ndani. Kiingereza changu kinaishia kwenye kuagiza kahawa, hivyo Ok Mi-ran ametafsiri. Mi-ran ndiye msimamizi wa jukwaa, alisoma Melbourne, hacheki hata ukimtekenya. Nimemweleza Philippa kwamba huku kwetu umri ndio sheria. Mkubwa hutangulia kukaa, kula, kunywa, na kufungua maonyesho. Mdogo hufuata, na akipewa kitu na mkubwa hakatai. Philippa amesikiliza macho yakimng'aa, akashukuru, akasema siku zote alizokaa hapa hakuna aliyemfundisha jambo la maana kama hilo. Ataamua baada ya mazoezi kamili ya Alhamisi.

Nimeshashinda. Bado kutangazwa tu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mwigizaji mwenye mashabiki hujulikana kwa gari la kahawa. Mashabiki huchanga, gari linakuja mazoezini na bango lenye picha yake, kampuni nzima inakunywa na kumsifu. Ji-hyeok keshaletewa mawili. Mashabiki wangu ni watu wenye haya, hawapendi kujitokeza. Nimewasaidia. Nimeagiza mwenyewe.

Limefika saa sita mchana. Bango kubwa: MAN-SEOK, NDIWE MPAGAZI WA MIOYO YETU! WAKO WA DHATI, MASHABIKI. Picha nzuri, ya zamani kidogo, nina nywele. Watu wamepanga foleni. Imogen, yule mwimbaji wa Melbourne anayecheza nesi, amechukua vikombe viwili. Philippa ameniinulia kidole gumba. Nikatabasamu kama mtu aliyezoea.

Ndipo dereva akachungulia dirishani na kupaza sauti: yuko wapi Bwana Man-seok aliyeagiza gari, anataka kuondoka na bango lake au alitupe?

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini nilikuwa nimesimama kwenye lami. Halafu Ji-hyeok, yule nyoka, akainama mpaka kiunoni mbele ya watu wote na kusema: "Kaka, kumbe umetununulia wewe! Asante kwa kututunza." Watu wakapiga makofi. Sasa kampuni nzima inaniita mtu mwema. Nimekwisha! Mtu mwema hupewa maua na kuambiwa asubiri.

Jumatano, 15 Oktoba

Usiniambie nimeshindwa. Leo jioni kampuni nzima tunakwenda kula nyama ya kuchoma. Chakula cha pamoja, hakuna kukosa. Na mezani kuna sheria ninayoijua kuliko mistari yangu: mdogo hakatai kikombe cha mkubwa.

Nitammiminia Ji-hyeok soju, pombe yetu kali, kwa upendo wa kaka. Kikombe baada ya kikombe. Kesho kwenye mazoezi ataimba kama mlango wa ghala. Sitakuwa nimevunja sheria yoyote, nitakuwa nimedumisha mila. Ni rahisi hadi naona aibu kidogo. Nimemeza mayai mawili mabichi kulinda tumbo langu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Kichwa changu. Mama wee, kichwa changu.

Mambo yalianza vizuri. Nikamiminia Ji-hyeok cha kwanza, akapokea kwa mikono miwili. Kabla hajanywa, Philippa akasimama. Akasema Bwana Man-seok amemfundisha mila nzuri sana, naye anataka kuifuata sawasawa. Akauliza umri wa kila mtu mezani, mmoja mmoja. Yeye ana sitini na moja. Mkubwa kuliko wote! Akashika chupa, akaja moja kwa moja kwangu, na kwa Kikorea alichokariri kwa Mi-ran akasema: "Kunywa, mdogo wangu."

Nikanywa. Ningekataaje? Mwalimu wa somo lile ni mimi. Kila nilipommiminia Ji-hyeok, mama yule akanijazia mimi, akicheka, akisema anapenda sana nchi hii. Na Ji-hyeok? Mdogo mwenye adabu akinywa mbele ya mkubwa hugeuza uso pembeni. Akawa anageuka kwa heshima kubwa, na naapa kwa mizimu ya ukoo wa Pyo, alikuwa anamwaga kwenye sinia la letusi. Letusi ile ililewa kuliko yeye.

Leo mazoezi kamili. Sauti yangu imetoka kama gunia linaburuzwa. Imogen ananizidi kichwa kizima, na lazima nimpandishe ngazi kwa chanja nikiimba. Ngazi ya mwisho goti limegoma. Noti ya mwisho imevunjika katikati. Nikabaki nimepiga magoti, mwanamke mgongoni, nahema. Philippa amevua kofia, mara ya kwanza, akajifuta macho. Alikuwa ananionea aibu, masikini.

Akaimba Ji-hyeok. Safi, kama maji ya birika jipya. Makofi. Philippa amesema jibu atatoa kesho baada ya tambiko.

Mama kapiga simu. Bibi wa nane ameongezeka. Nimemwambia nafasi ipo, mstari wa mbele.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mtaka cha mvunguni huinama. Leo nimeinama mbele ya kichwa cha nguruwe.

Hakuna kampuni ya maigizo hapa inayofungua pazia bila tambiko. Unaweka meza, matunda, keki za mchele, ubani, na katikati kichwa cha nguruwe kilichochemshwa. Kila mtu anapiga magoti, anainamisha paji la uso sakafuni, anachomeka bahasha mdomoni mwa nguruwe, anaomba taa zisianguke na watu wajae. Na nguruwe lazima awe anacheka. Nguruwe mwenye kununa hanunuliwi hata na adui yako.

Kama mkubwa wa waigizaji, kichwa nimenunua mimi, alfajiri, soko la nyama la Majang. Wanaocheka vizuri walikuwa wamekwisha. Muuzaji alinipa mmoja anayecheka upande mmoja, upande wa kulia tu. Nikakasirika. Halafu nikamtazama vizuri. Halafu nikampenda.

Nimemwendea Philippa, Mi-ran akitafsiri. Nimemwambia kuna mila ya kale, ya siri, ya watu wa jukwaa pekee: wakiwa waigizaji wawili wa nafasi moja, hupiga magoti pamoja, mmoja kulia, mmoja kushoto, na yule ambaye nguruwe anamchekea ndiye anayefungua. Mi-ran amenitazama. Kisha akatafsiri neno kwa neno, bila kupepesa hata kope. Baadaye nikamuuliza kwa nini hakunisuta. Akasema kazi yake ni kutafsiri, si kunilea.

Philippa amevua kofia tena. Akasema sawa, nguruwe aamue.

Nimeweka meza mwenyewe. Upande unaocheka, upande wangu. Nimekwenda kuvaa koti. Dakika chache tu! Nimerudi, Mi-ran kaigeuza meza. Eti mkao wa tambiko ni kaskazini, nami nilikuwa nimeielekeza chooni. Watu washaanza kujipanga, ubani unafuka, Ji-hyeok keshapiga magoti. Nikapiga magoti. Nikainua macho. Nimenuniwa na nguruwe.

Philippa ametangaza: Ji-hyeok. Kisha akanishika mkono na kusema maneno marefu, na Mi-ran akatafsiri polepole, kama mtu anayetaka kila neno liingie. Philippa alikuwa ameamua jana kwamba nifungue mimi. Ile sauti iliyovunjika, lile goti, ndiye mpagazi aliyekuwa akimtafuta tangu Melbourne. Alilia. Lakini mila ni mila, yeye ni mgeni, hawezi kuikosea mizimu yetu heshima.

Nilitaka kusema mila hiyo niliibuni sokoni. Watu thelathini wananitazama, wote wanajua ni uongo, wote wamefunga midomo wasinivunjie heshima mbele ya mgeni. Nikainama, nikashukuru.

Nimempigia Mama simu nikiwa kwenye ngazi, nimwambie asije. Hakunipa nafasi. Yuko saluni anapaka nywele rangi, bibi wanane wote wako saluni, kila mmoja akataka kunisalimia. Mmoja akaniuliza ni mimi kweli. Nikasema ndiyo bibi, ni mimi. Baada ya hapo nimelia. Ulikuwa moshi wa ubani. Mi-ran alipita na ndoo, akanikuta, akaendelea na safari yake.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nguruwe amebadili mawazo!

Asubuhi Mi-ran kapiga simu: Ji-hyeok koo limekauka, hawezi kuimba, nifike haraka. Nimemkuta mlangoni mwa ukumbi, kajizungushia skafu hadi puani. Akanong'ona kwamba ananiomba radhi, kaka, nimbebee leo. Nikampiga begani. Nikamwambia vijana hamjui kutunza koo, mnywe mayai mabichi.

Nimecheza! Nimecheza hadi sakafu ikatoa jasho. Imogen kaimba Kiingereza chake, mimi Kikorea changu, na kwenye wimbo wa mwisho tulipobadilishana lugha nimesikia kitu kama upepo: bibi wanane wanapenga kamasi kwa pamoja. Goti limegoma ngazi ileile. Noti imevunjika palepale. Ukumbi umesimama wote.

Mama alinishika masikio kwa mikono miwili kama nilipokuwa mtoto, akanigeuza kwa wenzake. "Haya," akawaambia. "Anaigiza hiki."

Nimelia, na hapakuwa na ubani.

Jumapili, 19 Oktoba

Magazeti mazuri. Moja limesema nina "uchovu wa kweli". Nimelikata.

Nimempeleka Mama stesheni. Alikuja na mtungi wa kimchi, kabichi yake ya kuchachushwa ya miaka mitatu, ile asiyompa mtu, na njiani nikawa nauangalia. Kabla ya kupanda treni akaniambia nimpelekee yule kijana aliyenipa usiku wake. Nikamuuliza kijana gani, usiku gani. Akasema aliketi karibu na mama mmoja wa koti la kijani, katoka Gangneung kwa basi kumwona mwanawe akifungua, mwanawe akampigia asubuhi: mama, leo utamwona kaka yangu badala yangu, tafadhali mpigie makofi sana. Naye alipiga, asema Mama, mpaka viganja vikawa vyekundu.

Uzee kitu kibaya. Mama kachanganya mambo. Ji-hyeok alikuwa na koo. Ni kweli mchana huu nimemsikia bafuni akiimba juu kabisa bila kukwama, lakini ujana hupona haraka. Mtungi nimempa. Amenusa, akainama mpaka kiunoni. Nusu tu nilikuwa nimeshakula.

Basi nimekaa nikapima mambo kwa akili. Gari la kahawa: nimeitwa mwema. Pombe: imenipa sauti. Nguruwe: kachelewa siku moja, lakini kafika. Mipango yote mitatu imefaulu! Kilichobaki ni onyesho la kufunga. Ratiba inasema ni la Ji-hyeok, na mama wa koti la kijani keshakata tiketi ya basi tena. Atafurahi kuniona mara ya pili. Ananipenda, viganja vyake ni ushahidi.

Mama nimeshamwambia kufunga ni mimi. Bibi wako tisa sasa. Na Majang nimepiga simu mapema, sitaki aibu tena: safari hii nimeagiza kichwa kinachocheka pande zote mbili.