Leseni ya Ishaka, Mashine ya Nyanzobe

Mtu anayetoka ofisi ya mapato akiwa amekasirika hana faida kwa tapeli. Huyo keshajua kilichomkuta. Anayetafutwa ni yule ambaye bado hajaingia: amesimama ng'ambo ya barabara, bahasha ya kaki ipo kwapani, anautazama mlango kama atakayeulizwa humo jina la babu yake wa saba.

Ishaka Mhando alimwona mtu wa namna hiyo asubuhi moja ya mwaka 2014, hapo Tunduma, malori yakiwa yamepanga foleni mpaka macho yanachoka. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, kafunga kitenge kwa fundo kubwa kiunoni. Ishaka aliliangalia lile fundo kwa heshima zote.

Ishaka alikuwa kishoka. Kwa msiotembea mipakani, kishoka ni mtu asiye na ofisi, anayekuhudumia mbele ya ofisi ya wenzake. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa tai nyekundu na kalamu tatu mfukoni, na moja tu kati yake iliandika. Bidhaa yake kubwa ilikuwa TIN, ile namba ya mlipakodi ambayo serikali huitoa bure. Ishaka aliiuza, na bei ilitegemea viatu vya mnunuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ni wa humu ndani?"

"Humu ni kama kwangu," alisema Ishaka, na hakudanganya sana, maana alishatolewa humo mara nyingi kuliko mtu yeyote mjini. "Mama ni wa Kamsamba, lakini asili yako Usukumani."

"Umejuaje?"

"Unavyoutazama mlango. Unaupima ng'ombe wangapi watapita kwa mara moja. Mimi Mzigua wa Handeni. Mtani wako!"

Mama akacheka mpaka bahasha ikadondoka. "Mzigua! Ndiyo maana maneno yamefika, akili bado iko Mbeya inasubiri gari."

Ishaka naye akacheka, tena kwa moyo mweupe. Utani ni jambo tamu. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu ukafurahi, akachukua kuku wako ukamsindikiza. Lakini kwa tapeli, utani ni mlango usio na komeo.

Mama huyo aliitwa Nyanzobe. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote, isipokuwa mmoja aliyekataa kupanda gari, akanunua mashine ya kukoboa mpunga. Mashine ilikuwa imekaa kimya kwenye fremu ya duka aliyopewa na Mama Ketrina, Mnamwanga mwenye safu ya fremu mtaa wa Sogea. Ilikaa kimya kwa sababu hakuwa na leseni.

"Msimu huu isipokoboa," alisema, "sina ng'ombe, sina mashine. Nitarudi kwa kaka yangu nikampikie mkewe. Niambie, mtani, kinatakiwa nini?"

Ishaka akashusha pumzi, kama daktari mwenye majibu mabaya. "TIN. Makadirio ya kodi. Hati ya kuonyesha hudaiwi. Mkataba wa pango. Leseni ya halmashauri. Afya waje waangalie panya. Vipimo waje waangalie mizani. Zimamoto waje waangalie moto."

"Moto gani? Hakuna moto."

"Ndiyo maana lazima waje." Akasogea karibu. "Na ukishaandikwa jina, serikali imekujua. Ikishakujua, hata ukipiga chafya usiku wanaandika. Sasa mimi mtani wako nina roho ya huruma. Tuandikishe kwa jina langu. Wewe koboa tu."

"Na kodi atadaiwa nani?"

"Mimi."

"Wakija na kufuli, watamtafuta nani?"

"Mimi, mtani. Wewe utakuwa umekaa na soda yako."

Nyanzobe aliipima ile tai nyekundu kwa macho. Lazima tuseme ukweli, naye hakuwa malaika. Kumbebesha Mzigua mzigo wa serikali lilikuwa wazo lililomkuna mahali pazuri. Akafungua fundo la kitenge.

Ishaka hakuwa na nia ya kubeba mzigo wowote. Hesabu yake ilikuwa fupi: biashara ikishaandikwa jina lake, biashara ni yake. Angemwacha mama aizoeshe wateja, halafu angekuja na karatasi kumwambia kwaheri.

Basi akaingia ofisi ya mapato kupitia mlango wa mbele, kama binadamu. Wakampiga picha, wakachukua alama za vidole vyake. Kisha akaketishwa mbele ya Bi Jenista, mkadiriaji, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba.

"Karibu, mfanyabiashara," alisema Bi Jenista.

Neno hilo halikuwahi kuelekezwa kwa Ishaka maishani. Alishaitwa wewe, alishaitwa yule, alishaitwa mkamateni. Alivuta tai, akaegemea kiti.

"Biashara yako ni ndogo?"

"Ndogo?" Ishaka aliumia. "Dada yangu, mpunga wa Kamsamba na wa Msangano wote unapita kwangu. Wazambia wanalala mlangoni wakisubiri mchele. Magunia yamefika dari, tumefikiria kuitoboa."

Kishoka mzoefu angekuwa amemfundisha mteja wake aseme biashara imelala, tena akohoe. Ishaka mwenyewe ndiye aliyekuwa akifundisha wenzake hivyo. Lakini hakuwahi kukadiriwa yeye, na sifa zilishamlevya. Bi Jenista aliandika, akageuza ukurasa, akaandika tena. Makadirio ya mwaka yakatoka manene, ya kulipwa kwa awamu nne. Awamu ya kwanza ililipwa kwa fundo la Nyanzobe. Ishaka alitoka akitembea kwa madaha, wala hakusoma zilizobaki.

Leseni ilipopatikana, wakaitundika ukutani ndani ya fremu ya kioo. Mashine ikaunguruma. Mpunga ukapanda kutoka bondeni, wanunuzi wa Zambia wakavuka mpaka kutoka Nakonde wakiita "bamayo, bamayo", yaani mama, na Nyanzobe akawa mweupe kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka ndala.

Siku ambayo foleni ilifika barabarani, Ishaka alikuja na Mama Ketrina kama shahidi.

"Mtani," alisema, "hebu soma pale ukutani. Jina la nani?"

"Lako."

"Mkataba wa pango, Mama Ketrina?"

"Umeandikwa wewe," alisema Mama Ketrina kwa shingo upande. "Lakini wewe kijana, haya huoni?"

"Sheria haina haya, mama. Mtani, nimekupa mpaka Ijumaa. Ukae salama, na umsalimie yule ng'ombe aliyebaki."

Watu walitegemea kilio. Nyanzobe alifuta uso, akasema, "Haya, bosi," akaendelea kumimina mpunga. Hata Ishaka alihisi kitu kidogo kinamkwaruza kifuani. Alikitibu kwa chipsi mayai.

Kesho yake Nyanzobe alivuka barabara, akaingia mwenyewe kwenye ule mlango aliouogopa. Akamwuliza Bi Jenista swali moja: leseni ya mtu inachukua na mashine ya mwenzake?

"Leseni ni ruhusa ya kufanya biashara, mama," alijibu Bi Jenista. "Mashine ni ya aliyeinunua. Una TIN?"

"Sina. Bei gani?"

"Bure."

Inasemekana Nyanzobe alisema neno moja la Kisukuma ambalo halijatafsiriwa mpaka leo. Alipokadiriwa aliulizwa biashara yake ikoje, akasema kweli: mashine moja, msimu mmoja, na mgongo unaouma. Makadirio yalikuwa ya saizi yake, na kabla ya Ijumaa halmashauri ikampa leseni kwa jina lake.

Ijumaa, Ishaka alitoka kuswali akiwa na kanzu safi, akaenda kupokea mali yake. Aliikuta leseni ukutani. Aliikuta mizani ya kukodi. Chini kulikuwa na pumba, na alama nne za mahali miguu ya mashine iliposimama. Ukuta wa upande wa kushoto ulikuwa unatetemeka, na leseni yake inatetemeka nayo.

Alitoka mbio. Fremu ya jirani, ya Mama Ketrina huyo huyo, ilikuwa imejaa watu.

"Mtani! Rudisha mashine!"

"Ipi? Hii niliyoinunua kwa ng'ombe wangu?" Nyanzobe alipaza sauti juu ya ngurumo. "Nimekuachia biashara yote, bosi. Leseni unayo. Koboa!"

Foleni nzima ikapasuka kwa kicheko. Mama Ketrina akaongeza kuwa pango la ile fremu tupu linaanza mwezi mpya, na Mzigua huyu mkataba anao.

Kicheko kilikuwa hakijaisha pale Bi Jenista alipokuja kuulizia awamu ya pili.

"Dada yangu," alisema Ishaka, akakohoa, "biashara imelala."

Bi Jenista akaweka kiganja ukutani. Ukuta ukamtetemesha mpaka miwani. "Mbona naisikia inaunguruma?"

"Ile si yangu."

"Ulisema Wazambia wanalala mlangoni. Nimewapita sasa hivi. Unataka kufunga biashara, andika barua. Lakini awamu hii imeshafika. Au yale maelezo ulidanganya ofisi?"

Hapo Ishaka alipiga hesabu. Akisema alidanganya, ana kesi. Akisema hakudanganya, ana kodi. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kanzu.

Nyanzobe alikuwa amesimama mlangoni, kapigwa na vumbi, anasikiliza. Alimtazama mtani wake kwa raha isiyo na haraka.

"Bi Jenista, mpe wiki kadhaa, atalipa," alisema. "Nimempatia kazi. Mimi nahitaji mtu wa kushusha magunia kwenye fuso."

"Mimi?" Ishaka alishika kifua. "Mtani, mimi mtu wa ofisi!"

"Funga kanzu kiunoni. Na tembea taratibu, hilo gunia la kwanza, la bibi mmoja wa Msangano, limetoboka."

Ishaka alimtazama Bi Jenista, akamtazama Mama Ketrina, akatazama barabara ya kwenda Mbeya. Halafu akainama, na gunia likampanda mgongoni.