Kamusi Imesema, na Mimi Nimesema

Jumatatu, 4 Mei

Mjukuu wangu kaleta mchumba. Fundi wa kujalidi vitabu. Kucha safi, viatu vya heshima, salamu ya kuinama. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Chai ikaja, nikamwambia atuombee. Akaomba radhi kwa adabu, akasema yeye hana imani na hapendi kutamka asichokiamini. Hana imani! Kijana mzima, meno yote thelathini na mbili!

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunakaa naye ua mmoja na chai ya mwenziwe haimpiti. Akatua kikombe polepole. Akauliza kama mtu wa hivyo hana jina lake. Mkanamungu, si ndiyo?

Niliunguza ulimi.

Maana sheria ya nyumba hii niliiweka mimi. Ubishi ukizuka, kamusi inashushwa kutoka juu ya kabati, inafunguliwa, inasomwa, basi. Nilifagia shule miaka thelathini na moja, na siku ya kustaafu wakanipa kamusi. Wengine hupewa saa. Mimi niliishia darasa la nne, nasoma kwa kidole, lakini mwenye kamusi habishani na mtu. Anafungua tu. Na mwaka juzi ni mimi niliyefungua neno hilohilo nikamfukuza mchumba wa binti wa wifi, fundi redio. Mkanamungu haoi nyumba hii, nilisema. Mbele ya ukoo mzima. Kwa sauti.

Sasa wifi anataka kamusi ifunguliwe Jumamosi, mbele ya ukoo uleule. Na mjukuu kanionya: nikimkataa huyu, ataenda kuolewa mji mwingine, na mimi sitaona hata picha.

Jumanne, 5 Mei

Nimepata dawa. Kamusi isiyofunguka haisemi! Nimekoroga uji mzito wa unga, nikapaka ukurasa wa neno lile na jirani zake wawili, nikafunga kitabu, nikakikalia mpaka mguu ukafa ganzi. Wakiuliza, nitasema unyevu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu zina mvi, lakini zimejaa.

Jumatano, 6 Mei

Balaa! Mjukuu kaona kamusi imevimba kama shavu la mwenye jino bovu. Kaipeleka kwa mchumba wake aitibu. Bila kuniuliza! Nimekimbia hadi kwenye karakana yake, na kukimbia kwa magoti haya si mbio, ni matanga. Nikakuta kitabu kiko mezani, kijana ananawa mikono hadi kwenye viwiko. Nikadhani katoka kula. Hapana. Mjukuu kaninong'oneza kwamba hunawa kabla ya kugusa kitabu chochote, hata kitabu cha mapishi.

Nikaanza hadithi ya unyevu. Akanusa ukurasa, akasema unyevu huu una unga. Nikamkaripia kwamba kwao hawakumfundisha kunyamaza mbele ya wakubwa. Akanyamaza. Akachemsha maji, akaushika ukurasa juu ya mvuke, akapenyeza kijisu chembamba cha mfupa, kidogo, akasubiri, kidogo tena. Ukurasa ukaachia. Hakuna herufi hata moja iliyobanduka! Nilisahau kufunga mdomo. Niliwahi kumwona mkunga akimpokea mtoto aliyetanguliza miguu. Mikono ilikuwa hiyohiyo.

Akanisomea. Mkanamungu: mtu anayekana kuwepo kwa Mungu. Akasema yeye hajakana. Anayekana husimama akasema hayupo. Yeye hajui, imani hana, yameishia hapo. Nikawaza: kweli, asiye na mwavuli hajasema mvua hakuna. Kumbe kamusi ni shahidi wetu, na mimi nilikuwa naizika hai!

Nikamwonya asimwambie mtu habari za uji. Akauliza uji gani. Nimempenda, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 7 Mei

Wifi kapita dirishani na kapu lake, kaniambia nisijitie kujiamini, kamusi ziko nyingi. Nyingi! Mimi nilidhani kamusi ni moja, kama jua.

Nimekwenda maktaba. Mkutubi, binti wa miwani minene, kaniletea tatu. Ya kwanza: anayekana. Ya pili: asiyeamini. Ya tatu neno haina kabisa. Imeruka! Watu wapo, neno halipo! Nikauliza mkubwa wao ni yupi, ili niongee na mwenye nyumba. Akasema mkubwa hakuna. Wanaozitunga husikiliza watu wanavyosema na kusoma wanavyoandika, ndipo wanaandika wao. Watu wakibadilika, nazo hubadilika. Nikauliza watu gani hao. Akasema, kama wewe, bibi.

Kama mimi.

Niliketi kwenye ngazi za maktaba. Miaka yote naiinamia kamusi, kumbe yenyewe ndiyo imenitegea sikio! Watu wakapita wanaongea, na kila mmoja nikaona maneno yanamtoka kama mvuke asubuhi ya baridi. Ukubwa wote ule wa kitabu, unatoka kwenye midomo hii, mingine haijapigwa mswaki. Mchukuzi mmoja akamtukana mwenzake kwa neno nisilolijua. Nusura nisimame kwa heshima.

Jumamosi, 9 Mei

Ukoo umejaa sebuleni, wengine kwenye mkono wa kochi. Nikafungua yangu: anayekana. Wifi akachomoa ya kwake kapuni, kaiazima maktaba ileile: asiyeamini. Nikasema yangu ndiyo nzito. Wakaleta mizani ya jikoni. Ya kwake nzito! Nikasema yake imelowa. Wakacheka, washenzi.

Wifi akasema basi aulizwe mwenyewe. Nikamkonyeza kijana. Nikakohoa. Nikamkanyaga mguu. Alitakiwa kusema naamini, neno moja tu, apate mke na kikombe cha pili. Akasimama. Akasema tangu mama yake afariki amejaribu kuamini, amejaribu sana, na imani haijaja. Hatasema imekuja ili apewe mke, kwa sababu mke huyo atakuwa ameolewa na mtu mwingine. Wamwite jina lolote watakalo.

Tangu nizaliwe nimeona watu wakiapa uongo kwa jina la Mungu, kwa kitu kidogo, kwa kuku. Sijapata kuona mtu anakataa kusema uongo kuhusu Mungu huku anachokitaka kimekaa mbele yake kinalia. Nikasema aoe. Nikasema kamusi zote mbili zifungwe.

Wifi hakucheka. Akauliza taratibu: na wa redio je? Naye alisema hajui. Na mimi nilimjibu kwamba kwenye kamusi hakuna nafasi ya hajui. Binti yake alikuwa mlangoni na sinia, hatikisiki. Nikasema fundi redio naye arudi. Wifi akasema kurudi atarudi, wale wawili hawajawahi kuachana. Yeye anangoja neno jingine kutoka kwangu.

Nikaenda kuosha vikombe. Nikaviosha mara mbili.

Jumapili, 10 Mei

Nimeamka mwepesi kama pamba. Ikiwa kamusi inatoka kwa watu kama mimi, kwa nini ipitie kwa watu wengine? Nimeanza ya kwangu! Daftari la mistari, na fundi kalishonea jalada gumu, hakuuliza swali. Nimetangaza uani kwamba kuanzia leo ubishi wote utaamuliwa kwa kamusi hii, na rufaa hakuna. Nimeshaandika matatu. Adabu: kitu walichokosa wajukuu. Akili: ninayo. Asiyeamini: mtu mwenye mikono safi, na aoe.

Wifi kaja, kavuta kiti, kasoma yote bila kuruka. Kauliza kama neno samahani limo.

Nikamwambia kamusi ina utaratibu wake, haiendi kwa pupa. Bado niko A.