Inchi Mbili Juu

Jumatatu, 6 Machi

Nimeamua. Pikapu inainuliwa! Jumapili tunakwenda kumwona mjukuu wetu wa kwanza. Ana siku kumi na moja duniani na babu hajamwona! Tatizo ni ule mgongo wa mawe katikati ya barabara ya kwa binti yetu. Mara ya mwisho pikapu ilikwaruza tumbo ikakwama, na mke wangu akashuka, akamalizia mlima kwa miguu, na goti lake lile. Hakulalamika hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma.

Shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mke wangu, tunayemwita Antena kwa urefu wake, kapiga simu. Anasema atampeleka dada yake yeye, maana gari lake liko juu. Mke wangu anaona si wazo baya. Ni wazo baya sana! Atafika kwa mjukuu ndani ya gari la mumewe, na hatashuka njiani hata mara moja. Nimeapa. Nimeapia bafuni, lakini kiapo ni kiapo.

Jumanne, 7 Machi

Duka la spea. Kumbe springi zina aina! Muuzaji alinipangia kaunta nzima: laini za gari linalotembea tupu, za mzigo wa kati, na ngumu za mzigo mzito. Halafu bloku, vile vipande vya chuma vya kuweka nyuma, kati ya ekseli na springi, ili gari lisimame juu. Kuna za inchi moja, mbili, tatu. Akaniuliza kwa kawaida nabeba mzigo gani.

Jibu la kweli: mke wangu, mkoba wake, na siku moja godoro la jirani. Ila nyuma yangu walisimama madereva wawili wa malori, wenye shingo nene. Nikasema tani moja. Sauti ilitoka yenyewe! Muuzaji akaanza kuniita bosi. Akanifungia zile ngumu, na bloku za inchi mbili. Nimetoka dukani kifua mbele.

Jumatano, 8 Machi

Gereji. Fundi kauliza kwa nini nimenunua springi za kubebea mchanga. Nikamwambia afunge, asihoji. Nikamwomba na mbele atupie bloku, gari lisionekane limeinama. Akaweka spana chini. Akanieleza taratibu kwamba bloku ni za nyuma tu, mbele zitaniua, mbele panataka koili, zile springi za kujizungusha, ndefu zaidi. Nimekubali mara moja. Mimi ni mtu wa kushaurika.

Alhamisi, 9 Machi

Iko juu! Inatisha! Nimezunguka mtaa mara tatu. Antena alikuwa nje kwake anaosha gari, nikapunguza mwendo ili aone vizuri. Akauliza kofia yangu iko wapi. Ilikuwa imeruka dirishani. Ukweli ni kwamba gari linaruka. Kila kijiwe nakisikia kwenye meno. Fundi anasema springi hizo hulainika zikishapata tani yake.

Jioni nikamwita mke wangu ajaribu kupanda. Akashika mlango, akainua mguu mzima. Akaushusha. Akainua ule wa goti bovu, akaguna. Kisha akacheka, akanipapasa mkono, akasema ni gari zuri sana, litamfaa mtu wa miaka ishirini. Akarudi jikoni.

Nilikaa kwenye bampa peke yangu. Nilijisikia vibaya kweli. Miaka thelathini na minne namfanyia mambo ya kumfurahisha, na kila mara yeye ndiye anayeishia kunifariji mimi.

Ijumaa, 10 Machi

Nimepata dawa! Mzigo! Fundi si alisema tani? Nimepakia magunia kumi na sita ya mchanga. Springi zimelala, gari limetulia, halirushi mtu. Na limeshuka! Mke wangu kapanda bila hata kushika mlango. Jirani aliyekuwa anapita kauliza mbona pikapu imerudi kwenye kimo chake cha zamani. Wivu tu.

Jumamosi, 11 Machi

Mgongo. Siwezi kuandika.

Jumapili, 12 Machi

Tuliondoka asubuhi. Ulaini! Mke wangu alivaa lile gauni la bluu, akapakata nguo za mtoto alizofuma mwenyewe. Nikamwambia leo hashuki mpaka mlangoni.

Tukafika kwenye mawe. Kwaruuu! Tumekwama palepale pa siku ile. Mke wangu akauliza, kwa upole kabisa, kama mchanga ni zawadi ya mjukuu. Ikabidi ashuke, nami nikashusha magunia yote kumi na sita, moja moja, kwa mgongo huu. Pikapu ikainuka, ikapita juu ya mawe bila kugusa! Nilishangilia peke yangu. Kisha nikamfungulia mke wangu mlango. Akautazama. Ulikuwa juu tena.

Nikamwekea gunia akanyagie, likapasuka. Nikataka kulia. Akasema niliache gari hapo hapo, tumebakiza hatua chache. Akanishika mkono tukaanza kupanda polepole. Alisimama kila tulipopata kivuli. Akanikumbusha siku aliyozaliwa binti yetu, nilivyomkimbiza hospitali kwa baiskeli, nikapita njia ya mkato, tukatokea sokoni. Alicheka mpaka akajifuta machozi. Sijui tulitumia muda gani. Sikuwaza gari hata kidogo.

Antena alikuwa ameshafika, amembeba mjukuu kwa mikono mirefu ile. Wala sikujali! Mtoto alinishika kidole akakataa kukiachia. Mke wangu akaniegemea begani, akasema asante kwa kumfikisha.

Jumatatu, 13 Machi

Wakati wa chai mke wangu kasema Jumapili ijayo twende tena. Na tukifika kwenye mawe, kasema, tuliache gari, tushuke, tutembee kama jana. Alisema hivyo akitabasamu, huku anajikanda goti.

Maskini mke wangu! Ananificha. Hataki kunivunja moyo kuhusu pikapu. Lakini mimi namjua, namwelewa kuliko anavyojielewa. Jumapili hashuki hata mara moja!

Kufika saa tatu nilikuwa duka la spea nimeshika bloku za inchi tatu. Muuzaji akauliza, bosi, safari hii unabeba nini. Nikageuka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu hata mmoja.

Nikasema tani mbili.