Ombi la Kuadhibiwa kwa Kikokotoo cha Klabu ya Hisabati

Mheshimiwa Mwalimu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana jambo lenyewe ni zito. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili, na ninakilalamikia kikokotoo cha kuchora grafu, ambacho kimesababisha nifukuzwe klabu ya hisabati.

Kama ujuavyo, Ijumaa ni siku ya wazazi, na kila mwanaklabu ataonyesha picha iliyochorwa na kikokotoo kwa amri alizoandika mwenyewe. Wenzangu walichagua nyumba na maua. Mimi, kwa heshima, nilichagua uso wa mwalimu wetu wa hisabati. Mama yangu ni fundi cherehani, na ameshawatangazia wateja wake kwamba siku hiyo hashoni, anakwenda kumwona mwanawe akiitumikisha mashine. Bado sijamwambia kwamba nimefukuzwa.

Makosa ya kikokotoo ni haya:

1. Kina majivuno. Nilikiamuru kichore mstari wa mdomo, ila kwa bahati mbaya nikataja sehemu iliyo nje ya mipaka ya kioo. Badala ya kunionya, kikauchora hukohuko nje, kusikoonekana na mtu, kisha kikaandika "Tayari". Mimi nikikabidhi karatasi nyeupe ya mtihani na kuandika "Tayari" chini yake, nitaitiwa mzazi.

2. Hakifuati maelekezo. Kwa kichwa cha mwalimu nilitaka duara: kitovu katikati ya kioo, nusu kipenyo saba. Kikachora yai lililolala ubavu. Tena kilichora polepole, nukta moja moja, kuanzia sikio la kulia, hivyo wanaklabu wakapata nafasi ya kucheka, naye mwalimu akapata nafasi ya kufika. Mtundu mmoja wa dawati la nyuma alisema, jamani, hiyo si picha, hiyo ni pasipoti ya mwalimu kabisa.

3. Ni kichochezi. Nilipomwona mwalimu mlangoni nilitoa amri ya kufuta picha, ikafutika. Lakini kwa haraka nikagusa na kitufe cha kutekeleza, nacho kikadhani nataka programu irudiwe. Kikaanza upya. Sikio la kulia. Mwalimu alisimama nyuma yangu mpaka yai likakamilika na kuvishwa miwani, ndipo akaniambia nitoke, nisirudi mpaka nipate adabu.

4. Alipouliza nani kafanya haya, kikokotoo kilinyamaza.

Kwa hiyo naomba kikokotoo kiitwe ofisini kwako pamoja na mlezi wake, yaani mwalimu wa hisabati, kwa kuwa ndiye hukitoa kabatini. Naomba pia kisimamishwe mbele ya paredi ya asubuhi, kisha kipewe adhabu ya kuchora duara mia moja zilizo sawa. Adhabu hiyo itahitaji msimamizi anayezijua tabia zake. Nipo tayari kujitolea, katika chumba cha klabu, saa za klabu, hasa Ijumaa wazazi wakiwapo.

Nisalimie karani, mlinzi wa geti na walimu wote, akiwemo wa hisabati, ukiona hali yake inaruhusu.

Ni mimi mwanafunzi wako, ninayesubiri jibu nje ya mlango wa klabu.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua, rafiki yangu aliyebaki klabuni amenieleza kwamba kioo cha kikokotoo ni kipana kuliko urefu wake, na kwamba ipo amri ya kusawazisha mihimili, yaani vipimo vya upana na urefu, ambayo mimi sikuiandika. Ameiongeza, na kichwa kimekuwa duara kamili. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemtambua mwalimu. Mmoja aliuliza kama ni saa ya ukutani. Mwalimu mwenyewe aliitazama kwa muda mrefu, akauliza huyu ni nani, kisha akajipapasa shavu na kusema kwa sauti ya chini kwamba ile ya kwanza ilifanana zaidi, na aliyeichora aje airudishe kabla ya Ijumaa. Tafadhali kikokotoo kisiadhibiwe. Kilikuwa kinamwona vizuri kuliko mimi.