Mkono wa Mkurugenzi Uko Likizo

Idara ya Vibali ilibandika tangazo mlangoni kwa herufi kubwa: mkono wa kulia wa Mkurugenzi uko likizo hadi itakapotangazwa vinginevyo. Huduma zitaendelea kucheleweshwa kama kawaida.

Tangazo alilitunga Mkurugenzi mwenyewe, kitandani hospitalini, ulimi ukiwa bado mzito, akaona limekaa vizuri. Neno kiharusi hakulitaka. Kiharusi ni ugonjwa wa watu. Mkurugenzi hupata dharura ya kiutendaji.

Dharura hiyo ilimwachia mguu wa kuburuta, na mkono uliolala mapajani kama mgeni asiyesema ataondoka lini. Mguu ukaanza kupata nafuu. Mkono, wapi! Ndipo hospitali ikamwingiza kwenye mafunzo mapya. Anavishwa kofia yenye nyaya na glovu yenye mota, halafu anajaribu kwa akili yake yote kuusogeza mkono. Kofia ikiinasa ile jitihada kichwani, skrini iliyo mbele yake inalia na glovu inausaidia mkono kutenda. Hivyo ubongo na mkono, ambavyo vilikuwa vimenuniana, vinapatanishwa kidogo kidogo.

Mkurugenzi hakuwa na wasiwasi. Kutoa maagizo ndiyo kazi yake.

"Haya mzee, fumba mkono," alisema mtaalamu wa mazoezi, dada mwembamba mwenye mdomo usiosubiri ruhusa.

Mkurugenzi akafumba macho, akawaza: Mkono unaelekezwa ujifumbe mara moja, na taarifa ya utekelezaji iletwe mezani.

Skrini ikabaki kimya. Glovu haikutikisika.

"Mzee, unawaza nini?"

"Nimeuelekeza."

"Usiuelekeze. Ufumbe mwenyewe."

"Mwenyewe?"

Neno hilo lilimgusa pabaya. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alifanya jambo mwenyewe. Chai huletwa. Mlango hufunguliwa. Hata kukasirika alikuwa akimwachia katibu muhtasi.

Binti yake, aliyeketi pembeni na mtoto mchanga begani, alicheka mpaka mtoto akashtuka. "Baba, humo ndani hakuna naibu wa kumtupia kazi!"

"Usinicheke, mama. Nimeunda kamati kichwani, akidi haijatimia."

Alisema kwa mzaha, lakini macho yake yalikuwa kwa mjukuu. Mtoto alizaliwa wiki ileile mkono ulipokwenda likizo, na babu hajampakata hata mara moja. Binti alikuwa ameweka sharti, kwa upole wa mzazi asiyetaka mjadala. "Ukiweza kushika na kuachia, Baba, nitakupa. Ukiweza kushika tu, hapana. Utamfinya mwanangu."

Babu hakukata rufaa. Yeye amewarudisha watu nyumbani kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Asubuhi moja mtaalamu, baada ya kuchoka kuitazama skrini iliyolala, akauliza, "Hebu niambie, mzee. Kazini mkono huu ulikuwa unafanya nini hasa?"

Mkurugenzi akafikiri kwa uaminifu. Kuandika, waliandika wengine. "Mwananchi akija kuchukua kibali," alisema, "mimi nakishika upande huu, yeye anakishika upande ule. Tunavutana kidogo. Ili ajue kimetoka mbali."

"Basi kishikilie."

Mashine ikalia. Glovu ikafumba kwa nguvu hata mtaalamu akaruka nyuma. "Kumbe fani unayo!"

"Baba!" Binti alikuwa amesimama.

"Sasa achia," alisema mtaalamu.

Vidole vikabaki vimefumba.

"Achia, mzee."

"Hilo," alisema Mkurugenzi, jasho likimtoka, "halikuwa kwenye majukumu yangu." Akacheka mwenyewe, kicheko cha upande mmoja wa mdomo, mpaka machozi yakamlenga. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na ya baada yake. Kushika, hodari. Kuachia, jiwe.

Sifa za mkono zikafika juu, na Waziri akaja kuzindua Mpango Kabambe wa Kuamsha Mikono. Alikuja na wapiga picha, walinzi na hotuba. Alipomwona Mkurugenzi na kofia yake ya nyaya na glovu yake, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, kuachia bado hajaweza," mtaalamu alimwonya.

"Mimi ndiye niliyemteua. Atanishindaje?"

Wakashikana. Kamera zikamulika. Waziri akatabasamu, akaendelea kutabasamu, kisha tabasamu likaanza kuchacha.

"Mkurugenzi, achia."

"Suala linashughulikiwa, Mheshimiwa."

"Ni agizo!"

"Maagizo hauyasikii mkono huu. Nimeyajaribu yote."

"Zimeni hiyo mashine!"

"Mota nimeshazima," alisema mtaalamu. "Huo ni mkono wake mwenyewe. Na wewe mlinzi, usimvute vidole! Ukivuta ndivyo unavyokaza."

Waziri akamwinamia Mkurugenzi. Akauliza kwa sauti ndogo, ya adabu, "Sasa... itachukua muda gani?"

"Njoo kesho," mdomo wa Mkurugenzi ulijibu kabla mwenyewe hajafikiri.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alikuwa akiitazama sura iliyokuwa mbele yake: jasho juu ya mdomo, heshima ya kulazimishwa, macho yanayobembeleza. Sura hiyo aliijua. Miaka yote ilikuwa ikimtazama kutoka upande wa pili wa kibali, naye alidhani watu wanazaliwa nayo.

Akageuka, akamtazama mjukuu, aliyekuwa amelala begani mwa mama yake, vidole vyake wazi, hana alichoshikilia duniani.

Safari hii hakuuelekeza mkono. Hakuitisha kikao. Aliachia tu, kwa shida, akianza na kidole kidogo. Skrini ikalia. Cha pili kikafuata, kikatetemeka, kikarudi, kikafunguka tena. Waziri akauchomoa mkono wake na kuupuliza kama aliyeungua.

Binti hakungoja hotuba. Alivuka katikati ya wapiga picha, akamlaza mtoto kwenye mkono wa babu, kiganja chake mwenyewe kikiwa chini kwa tahadhari. Kisha akakiondoa.

"Mkurugenzi," Waziri aliita akinyoosha koti, "simama hapa nyuma yangu, tunaanza."

"Kaa pale kwenye benchi, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi bila kuinua macho. "Kuna mtu mbele yako."

Waziri akatazama huku na huku, akitafuta wa kukaa kwa niaba yake. Hakumpata. Akakaa.