Ombi la Kadi ya Wazee kwa Transfoma ya Santa Lutgarda

Kwa Meneja Mkuu,
Ushirika wa Umeme,
Santa Lutgarda.

Mheshimiwa Bwana Abrigana,

Mwalimu Tolosa ametufundisha kusalimu kwanza ndipo tulalamike. Kwa hiyo: hamjambo nyote hapo ofisini? Sisi hatujambo, isipokuwa dada yangu Mayumi, ambaye miguu imemvimba. Nitamrudia.

Mimi ni Hiyasmin Bantilo wa darasa la nane. Nilikuwa kwenye kwaya siku ile padri alipoibariki transfoma ya mji wetu baada ya kubadilishiwa mafuta na kupakwa rangi ya kijani, kama mnavyofanya kila mwaka kabla ya sikukuu ya mtakatifu wetu. Mlisema kwenye kipaza sauti, "Ndugu zangu, itazameni! Mpya kabisa, kama bi harusi!" Watu wakapiga makofi, na nguruwe wa kuchoma akakatwa. Umeme ulikuwa bado haujawashwa, nami nilisimama ubavuni kwa bi harusi mwenyewe. Kibao chake cha chuma kilikuwa kimepakwa rangi pamoja na mengine yote, kwa hiyo nikazipapasa tarakimu kwa kidole. Mheshimiwa, bi harusi alizaliwa mwaka mmoja na bibi yangu, Lola Pasing. Ana miaka sitini na minne.

Ndiyo maana naandika. Kwa heshima naomba transfoma yetu ipewe kadi ya wazee, pamoja na haki zake zote. Hoja zangu ni hizi:

1. Kadi hupewa kila aliyefikisha miaka sitini. Lola alipewa yake kule manispaa, pamoja na keki. Kwenye duka la dawa hupita mbele ya foleni, na hata nauli anapunguziwa. Transfoma imepita umri huo na haijaona hata kipande cha keki. Imeona rangi tu.

2. Uzee wake hauko kwenye mafuta. Mle ndani nyaya za shaba zimezungushiwa karatasi, tabaka juu ya tabaka, na karatasi hiyo ndiyo inayozuia waya usigusane na mwenzake. Mafuta yakichoka mnaweza kuyachuja au kuyabadilisha. Karatasi haibadilishwi. Inazeeka mlemle kwa joto, maji na hewa, mpaka inakuwa haina nguvu tena. Mimi nimejaribu. Nilitia vipande vya karatasi kwenye kopo la mafuta, na mzee Isko wa mikate akaniwekea pembeni ya tanuri lake. ("Ukinilipulia tanuri, binti, mji mzima utakula wali asubuhi, na nitawaambia ni wewe!") Baada ya wiki kadhaa vilikuwa na rangi ya sukari guru. Nikamwaga mafuta yale, nikatia mapya yanayong'aa. Vikavunjika vilevile. Nimeambatanisha kimoja. Tafadhali msikikunje.

3. Karatasi inapozeeka huacha dalili zake ndani ya mafuta, na maabara ikiyapima hujua karatasi imefika wapi. Ninyi mliyamwaga mafuta ya zamani kwanza, ndipo mkapeleka mapya kupimwa, na matokeo mkatusomea kwa furaha. Hata Lola hupaka nywele dawa nyeusi kila sikukuu, lakini hajawahi kumwambia daktari kwamba ana miaka ishirini.

4. Mzee habebeshwi mzigo wa mji mzima. Wiki ya sikukuu kila nyumba inakodi mashine ya kuimbia, na ofisi yenu inawasha viyoyozi mpaka mlinzi wenu anavaa sweta. Mwalimu Tolosa anasema joto likizidi digrii sita au saba tu, umri wa karatasi hukatika karibu nusu. Naomba mzee wetu apumzishwe mchana, ajengewe kivuli, na asibebeshwe nyimbo za mapenzi za zaidi ya mtaa mmoja kwa wakati mmoja.

5. Ikiwa kadi haiwezekani, basi ateuliwe mjumbe wa bodi yenu. Wajumbe wa umri wake hukutana mara chache, hukaa penye ubaridi, huletewa kahawa, na hakuna anayewapaka rangi ya kijani. Nafasi yake kituoni apewe transfoma kijana.

6. Sasa dada Mayumi. Anatarajia kujifungua wiki hiyohiyo ya sikukuu, kwenye kliniki yetu ya uzazi, ambayo umeme wake ni huohuo. Mwaka jana umeme ulipokatika jioni ya sikukuu, mtoto wa jirani yetu alizaliwa kwa mwanga wa simu. Sauti ya mkunga Ditas ilifika barabarani: "Nimulikie huku, siyo usoni kwako! Hebu weka hiyo kamera chini, mjinga wewe, nani kakuambia hii ni harusi?" Tulicheka sana. Mama wa mtoto hakucheka, maana mkunga alichelewa kuona damu inatoka wapi, na mama huyo ilibidi abebwe mpaka hospitali ya mkoa. Alipona. Mayumi anaposimuliwa hucheka, halafu huniuliza kama simu yangu ina chaji.

Naamini mtanijibu, kwa kuwa mlango wa ofisi yenu umeandikwa "Tunasikiliza". Nisalimie mkeo, wajumbe wa bodi, mhasibu mwenye sauti nzuri, mlinzi mwenye sweta, na transfoma yenyewe.

Wenu mwenye matumaini,
Hiyasmin Bantilo

Tanbihi: Nimemsomea Lola Pasing barua hii anisahihishie. Alikuwa akikoroga sufuria kubwa ya mchuzi wa kujaribia sikukuu. Amecheka mpaka akashika ukuta.

"Wee mtoto! Kadi ninayo mwaka wa nne huu. Kila sikukuu mnanipaka dawa ya nywele, mnanivisha gauni jipya, mnasema jamani Lola amekuwa msichana, kisha napikia watu themanini. Mpeni huyo mwenzangu kadi, tuone nani atamtua mzigo!"

Nimefikiri, Mheshimiwa, na naona Lola ana haki. Kwa hiyo naliondoa ombi la kadi, na la kivuli, na la bodi, na keki pia msihangaike nayo. Hoja ya kwanza mpaka ya tano zifuteni. Ya sita ibaki. Tunaomba transfoma nyingine kabla ya sikukuu, basi. Sisi huku nyumbani tumeshaanza: Lola amekaa sebuleni karibu na Mayumi, wote wawili miguu juu ya kigoda kimoja, na mwiko ninao mimi.