Hatua ya Nne, Muulize Asha

Hebu sogeeni, wenzangu wa kundi, niwasimulie kabla hamjasikia kwa wengine. Leo nimeaibika Goweko, mchana kweupe, mbele ya kikundi kizima cha wafugaji nyuki!

Kwa wageni: tuna programu ya simu ya kutunza kumbukumbu za mizinga. Ni huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuirekebisha, na sisi tunaoitengeneza tunajitolea tu. Asha wa Kitete huijaribu. Mimi naandika mwongozo. (Naupenda mno. Hata wageni nyumbani huwa nawaonyesha.) Leo kikundi kilikuwa kinaamua: waitumie, au wabaki na daftari lao.

Nilifika nimechomekea shati. Shikamoo huku, shikamoo kule. Nikaanza kueleza. Mwenyekiti, Mama Kulwa, akanikata.

"Mwalimu, tukiwa porini kwenye mizinga utakuwepo?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa pale, unyamaze. Tutafuata ulichoandika."

Nikafurahi! Kazi yangu ijisemee yenyewe!

Mama Kulwa akashika simu, mwanakikundi mwenzake, Mzee Maganga, akamsomea mwongozo kwa sauti. Hatua ya kwanza, safi. Ya pili, safi. Ya tatu, mzinga wa kwanza ukaingia, watu wakapiga makofi. Nikatabasamu kama bwana harusi.

"Hatua ya nne," akasoma Mzee Maganga. "Sasa fanya ile niliyomweleza Asha kwenye simu."

Akageuza karatasi kutafuta maelezo upande wa pili.

(Niliandika kwa haraka, nikasema nitarudi kujaza. Tunajijua: kila swali tunalijibu kwa ujumbe wa sauti, kuandika tunasahau.)

"Kitufe cha Asha kiko wapi?" Mama Kulwa akauliza akiigeuza simu. "Mimi naona cha kijani na chekundu tu."

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza!" Wote kwa pamoja.

Namba ya Asha ilikuwa imeandikwa mwishoni mwa mwongozo. Wakampigia, wakaweka spika.

"Binti, hujambo? Hatua ya nne ni ipi?"

"Sijambo, shikamoo mama. Ya nne? Hata mimi sikuielewa! Alieleza mpaka ugali ukaungua. Nikaitikia 'sawa, sawa', nikaandika 'imekubali' ili tumalize."

Jamani! Mzee Maganga alicheka mpaka akashikilia meza.

Mama Kulwa akanipa kalamu. "Andika. Maneno yasizidi kumi."

Nikaandika: *Bonyeza kitufe cha kijani. Subiri neno "Imehifadhiwa".*

Akabonyeza. Ikahifadhiwa! Vigelegele!

"Tutaitumia," akasema. "Ila mwongozo kuanzia leo tunausahihisha sisi. Si umesema ni huria?"

Wameshanitumia masahihisho manne, yote ya kweli. Wenzangu, tumepata wachangiaji wapya!

Nawe, kabla hujautuma mwongozo wako, mpe mtu asiyeijua kazi hiyo aufuate mbele yako. Kisha ufunge mdomo.